Magari ya kale ya Safari Rally yapanda thamani duniani, Usambara yauzwa kwa kilo

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KWA abiria wa mabasi yaendayo Moshi na Arusha, Mombo ni mahali pa kushuka, kula haraka haraka na kurudi kwenye kiti kabla dereva hajapiga honi ya tatu. Wachache huinua macho kuitazama barabara nyembamba inayochepuka kulia, ikaingia kati ya vilima na kutoweka.

Barabara hiyo ina urefu wa kilometa zipatazo 33 hadi Lushoto mjini. Huanzia kwenye joto la tambarare, mita kama 400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kumfikisha msafiri kwenye baridi ya takribani mita 1,400. Katikati ya mwendo huo ipo Soni na maporomoko yake ya maji, na kabla ya kufika huko kuna kona ambazo hata dereva mzoefu hazihesabu, huzipita moja moja.

Kizazi cha wazazi wetu kiliijua barabara hii na zile za vumbi zilizoungana nayo kwa sababu nyingine kabisa. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Milima ya Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa na madereva wa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yale yaliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally.

Magari ya aina zilizotimka katika mashindano hayo yanatafutwa leo huko Ulaya, Marekani na Japani kwa fedha ambazo mkazi wa Lushoto akitajiwa hudhani anataniwa. Januari 2020, gari aina ya Datsun 240Z la mwaka 1971 liliuzwa katika mnada wa mtandaoni nchini Marekani kwa dola 310,000, sawa na zaidi ya Sh milioni 700 kwa viwango vya wakati ule. Lilipoingia sokoni nchini humo mwaka 1970, gari la aina hiyo lilikuwa na bei ya dola 3,526.

Mwandishi wa makala haya ana sababu yake binafsi ya kuifuatilia habari hii. Mjomba wake, mkazi wa Soni, alikuwa na Peugeot 404 iliyosimama nyuma ya jiko kwa miaka mingi baada ya kukosa spea. Kuku walitagia kwenye buti, na watoto, mwandishi akiwamo, walishindana kukaa nyuma ya usukani wake mwembamba mweupe. Mwaka 2006 walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu wakiwa na mizani. Gari lilikatwa vipande palepale uani, likapimwa, na mjomba akapata fedha ya kununulia mabati machache. Hakuna aliyelaumiwa, kwani hakuna aliyejua kitu.

Mashindano yaliyozaliwa na kutawazwa kwa Malkia

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari Rally, na tangu 1974 yakaitwa Safari Rally tu, wakati huo yakiwa yamekwisha kuwa ya Kenya peke yake.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba magari ya mwanzo hayakuwa ya ajabu. Waandaaji waliyagawa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, nia ikiwa kuona ni gari gani la kawaida linaweza kuhimili barabara za Afrika Mashariki. Mshindi wa mwaka ule wa kwanza, Alan Dix, aliendesha Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe, gari lile lile ambalo mwalimu au mganga wa misheni angeweza kulinunua.

Mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, maana yake ni masika. Anayejua udongo mwekundu wa Usambara baada ya mvua ya usiku mmoja hahitaji kuelezwa zaidi. Juu yake kulikuwa na ukungu, makorongo yasiyo na ukuta wa kinga, na barabara ambazo hazikufungwa, kwa hiyo dereva wa mashindano aliweza kukutana na lori la mbao au kundi la mbuzi kwenye kona. Njia nzima ilikuwa na urefu wa kilometa zipatazo 5,000, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu.

Matokeo yanajieleza. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hii pia yaliyomaliza yalikuwa saba. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Katikati ya ushindi huo wa Nowicki uko ule wa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Tanzania, ambaye pamoja na Chris Rothwell alishinda mwaka 1966 na 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Ushindi huo una sehemu yake katika heshima ambayo gari hilo, ambalo wengi hapa hulitamka Pijo, lilipata nchini. Ndilo lililobeba maofisa, maharusi, wagonjwa na magunia ya karoti. Kwa namna fulani linastahili kuhesabiwa kuwa gari la michezo la Mtanzania wa kawaida, ingawa watengenezaji wake hawakulikusudia hivyo.

Kwenye orodha hiyo yumo pia Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa wa kwanza kushinda mara tatu.

Kisha wakaja Wajapani na magari yaliyobuniwa kwa kasi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600SSS na mwaka 1971 kwa Datsun 240Z. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden, kwa Ford Escort RS1600, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuondoka na kombe. Mwaka 1973 ulileta mkasa usiosahaulika, ambapo Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, na ushindi akapewa Mehta. Naye alikuwa katika 240Z.

Datsun iliyoshinda mwaka 1971 haikuachwa iozee kwenye ua wa mtu. Ilirudishwa Japani, ikafufuliwa na wafanyakazi wa Nissan, na imo katika hazina ya magari ya kale ya kampuni hiyo huko Zama.

Kwa nini bei inapanda

Hapa inabidi kutofautisha gari kuukuu na gari la kale. Shirikisho la kimataifa la wenye magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali sahihi ya asili yake, na likiwa halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho, magari mengi ya zamani yanayopanda Lushoto kila siku na mizigo ya kabichi ni makuukuu tu, japo yana umri wa kutosha.

Sababu ya kwanza ya kupanda kwa bei ni uchache. Gari la Ferrari 250 GTO lilitengenezwa kwa idadi ya 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964. Moja liliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4, na jingine Novemba 2023 kwa dola milioni 51.7. Mercedes-Benz 300 SLR ya bodi lililofunikwa, ambayo yalitengenezwa magari mawili tu, iliuzwa Mei 2022 kwa euro milioni 135. Hadi wakati huo hakuna gari lililowahi kuuzwa mnadani kwa bei inayokaribia hiyo.

Lakini uchache peke yake hauelezi habari ya 240Z, maana yalitengenezwa zaidi ya 150,000. Yaliyo adimu ni yale ambayo hayajaliwa na kutu, hayajakatwa na hayajabadilishwa injini. Lile la dola 310,000 lilikuwa limetembea maili zisizofika 22,000 katika karibu nusu karne.

Sababu ya pili ni umri wa wanunuzi. Mtu aliyekuwa mtoto mwaka 1971, aliyebandika picha ya gari ukutani, amefika umri wa kuwa na fedha, na ananunua kile alichokikosa. Sheria za kodi nazo husaidia. Nchini Uingereza, kwa mfano, faida inayopatikana mtu anapouza gari lake binafsi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, kwa sababu gari huhesabiwa kuwa kitu kinachochakaa.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi, nayo ni historia. Gari linaloweza kuthibitishwa kwa nyaraka kwamba lilishiriki katika mashindano makubwa huvuta wanunuzi na bei kuliko pacha wake aliyelala gereji. Ndiyo maana wako wanaoghushi historia, na ndiyo maana wanunuzi makini hutaka kuona picha za zamani, namba za chesisi na kadi ya kwanza ya gari kabla ya kutaja bei.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba soko hili hupanda tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei zilifura, hasa za Ferrari, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaporomoka, walionunua kwa mikopo wakaumia. Baada ya kilele cha mwaka 2022 pia soko la Marekani lilipoa. Anayemwambia mkulima wa Bumbuli auze shamba la chai anunue Datsun hampendi.

Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic Rally kwa ajili ya magari ya zama hizo, na mara kadhaa yamevuka mpaka kuingia Tanzania. Bingwa wa dunia wa mwaka 1979, Björn Waldegård, aliyashinda mwaka 2007 kwa Ford Escort na mwaka 2011 kwa Porsche 911, akisomewa njia na mwanawe Mathias. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 2009 kwa Ford Mustang, na Stig Blomqvist wa Sweden mwaka 2015 kwa Porsche 911. Karakana ya Tuthill ya Uingereza imejijengea jina kwa kuziandaa Porsche za mashindano hayo, yaani wapo watu ambao riziki yao inatokana na barabara zetu za vumbi ingawa wanaishi umbali wa maelfu ya kilometa.

Nairobi nako, maonyesho ya magari ya kale ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, yana historia inayoanzia mwaka 1970.

Raha ya kona za Soni

Fedha ni upande mmoja. Ili kuuelewa upande wa pili, mwandishi wa makala haya aliomba kupanda na mzee mmoja wa Mombo, dereva mstaafu wa lori, anayemiliki Peugeot 504 ya miaka ya 1970 ambayo bado ina injini yake ya asili. Baada ya shikamoo na maswali mengi kuhusu leseni, mzee alihamia kiti cha abiria na kumkabidhi mwandishi usukani.

Jambo la kwanza linaloshangaza ni uzito. Usukani hauna msaada wa mtambo wowote, kwa hiyo gari likiwa limesimama inabidi kuuvuta kwa mabega. Likishatembea, uzito unapungua na badala yake mikono inaanza kusoma barabara. Jiwe dogo linasikika kwenye vidole. Tairi la mbele likianza kuteleza kwenye mchanga ulioachwa na mvua, dereva analijua hilo kabla jicho halijaona.

Gia ziko kwenye shina la usukani, na klachi ni ndefu. Mzee alifundisha kwa maneno machache: punguza mwendo kabla ya kona, ingia na gia utakayotoka nayo, usikanyage breki katikati. Kona ya kwanza mwandishi alichelewa kubadili, na injini ikalalamika. Ya nne ikawa nafuu. Ilipofika ya kumi na kitu, mkono, mguu na sikio vilikuwa vimeanza kuelewana, na gari lile la nusu karne likawa linapanda kwa mdundo mmoja, likilala kidogo upande na kunyanyuka, springi zake ndefu zikimeza mashimo bila kelele.

Hatukuvuka kilometa 50 kwa saa. Toyota Noah zilizojaa abiria zilitupita kwa honi, na dereva mmoja wa bodaboda alitugeukia akacheka. Lakini katika gari jipya mwendo huo ni kero, na ndani ya lile kuukuu, kazi ilikuwa tele. Mzee, ambaye tangu mwanzo alikuwa ameshika mpini wa mlango, aliuachia tulipofika juu ya maporomoko. Mwandishi aliichukulia hiyo kuwa ndiyo cheti.

Kushuka ni somo jingine. Magari hayo hayana kompyuta ya kuzuia tairi kukwama, na dereva anayetegemea breki pekee kutoka Lushoto hadi Mombo atafika Soni akisikia harufu ya kuungua. Mzee aliagiza tushuke kwa gia ile ile ambayo tungepandia. Aidha, alisisitiza honi katika kila kona isiyoonyesha mbele, kwa sababu malori ya mboga yanayoteremka huchukua barabara nzima. Magari haya pia hayakutengenezwa na mifuko ya hewa, na mengi yaliyobaki vijijini hayana hata mikanda ya usalama inayofanya kazi. Raha yake ni ya kweli, na hatari yake pia.

Kilichobaki vijijini

Ukitembea kutoka Soni hadi Bumbuli, au ukapanda Mlalo na Mtae, bado unaweza kuyaona mabaki nyuma ya nyumba: Land Rover za zamani zilizotengenezwa kabla ya 1985, Peugeot za kubebea mizigo, mara moja moja Volkswagen iliyogeuzwa banda. Siyo yote yana thamani. Pick-up ya 504, kwa mfano, ilitengenezwa kwa wingi mno, na Kenya iliendelea kuunganisha magari ya 504 hadi mwaka 2004.

Kosa linaloua thamani kuliko kutu ni kubadili injini. Fundi wa kawaida, akikosa spea ya Peugeot, hufunga injini ya Toyota, na mwenye gari hushukuru kwa sababu linatembea. Kwa matumizi ya kila siku fundi huyo yuko sahihi kabisa. Ila injini ya asili isiuzwe chuma chakavu. Ifungwe kwenye turubai na kuwekwa pakavu, pamoja na kabureta, taa na vioo vilivyoondolewa. Kibati chenye namba ya chesisi kisipakwe rangi. Kadi ya gari, hata iliyochanika, pamoja na risiti na picha za zamani zenye tarehe, visitupwe. Mtu akija akitaka kununua, aulizwe kwanza analitaka kwa kilo au kwa jina.

Kuagiza gari la kale kutoka nje ni habari nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka minane, na Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haijaweka marufuku ya namna hiyo, lakini magari madogo yaliyozidi miaka minane hutozwa ushuru wa bidhaa wa nyongeza, na yaliyozidi kumi hutozwa zaidi. Maana yake ni kwamba kwa mpenzi wa magari haya aliyeko Tanga au Lushoto, lililo rahisi kulipata ni lile ambalo tayari liko hapa, kwenye ua wa jirani, likisubiri mizani.

Mzee wa Mombo ameambiwa mara mbili auze. Mara ya pili mnunuzi alipandisha bei kidogo, akamwonyesha na noti. Mzee anasema alimwuliza kama amekuja na funguo za kufungulia tairi au msumeno, na alipouona msumeno ndani ya gari la mgeni, akarudi ndani kumalizia chai yake.

Kadi ya Peugeot ya mjomba bado ipo. Imehifadhiwa Soni ndani ya kopo la majani ya chai, ikiwa na jina lake, namba ya injini na namba ya chesisi.